Ubao wangu wa Chang'ombe uliandika IPO wiki nzima, kumbe barua hazifiki

Wakuu, za saa hizi.

Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma na kupita. Nipo humu miaka mingi, lakini nyuzi zangu unaweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kidole kikabaki. Leo naandika kwa sababu ya vijana wawili wa ofisini kwetu, hapa Mtumba, walionicheka juzi hadi mmoja akapaliwa na chai.

Haya yalinikuta mimi mwenyewe. Mtu anayetunga hujipa sehemu nzuri kwenye hadithi yake, na mimi humu ndani ndiye niliyeharibu, kwa hiyo pimeni wenyewe kama ni chai ya kutunga. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Uzi una urefu kiasi. Mwenye haraka zake kule kwenye jukwaa la mpira kunachangamka.

Kazi yangu kwa sasa ni kuangalia huduma za watu wengine. Ofisi ina mfumo wake, ila mfumo huo umeegemea makampuni ya nje: kuna wanaotusafirishia meseji, wanaotutunzia email, wanaotutunzia mafaili. Wao wakilala, wananchi wanatutukana sisi.

Kwa hiyo tuna dashboard kubwa ukutani. Huduma ikiwa hai taa ni ya kijani, ikifa ni nyekundu.

Sasa mimi kila asubuhi, taa zote zikiwa kijani kama bustani, natoa simu yangu mfukoni, najitumia email ya ofisini, nasubiri iingie, naisoma, kisha naijibu. Halafu najitumia meseji. Nimefanya hivyo tangu nimeajiriwa.

Juzi vijana wakaniuliza, "Mzee, taa si ya kijani? Unahakikisha nini, kwamba bado unajua kuandika?"

Nikawaambia iko siku nitawasimulia. Nawasimulia humu, maana najua ndipo wanaposhinda saa za kazi.

Turudi nyuma.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mashirika ya umma yalikuwa yanabinafsishwa, watu wanapunguzwa kazi, na kila aliyepunguzwa anafungua kitu. Mtaa mmoja ungeweza kukuta mashine za kusaga nne zinatazamana.

Mzee Chilongani naye alipunguzwa. Alikuwa karani mkuu kwenye shirika moja, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hadi mstari unakata. Mkewe alitaka wafungue mashine ya kusaga. Yeye akanunua kompyuta sita, akapandisha dish juu ya bati, akaandika INTERNET KAFE ukutani kwa rangi ya mafuta. Hapo ni Chang'ombe ya hapa Dodoma, nyumba ya kona. Majirani walidhani kupunguzwa kazi kumemwingia kichwani.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne na diploma mpya. Mimi ndiye niliyekuwa mfanyakazi pekee. Nafungua asubuhi, nafuta vumbi (vumbi la Dodoma mnalijua, linaingia hata kwenye chupa iliyofungwa), nazivua kompyuta vitambaa alivyozishonea mama Chilongani, kisha naanza kazi.

Wateja wetu walikuwa wanafunzi, watumishi, na watu wenye ndugu nje. Karibu wote walikuwa na email kwenye huduma moja ya bure ya ng'ambo. Jina silitaji. Pale kafe tuliiita "ile ya bure".

Tatizo likawa moja. Ile ya bure ikigoma kufunguka, mteja anasimama, anapiga msonyo, anasema, "Mtandao wenu mbovu." Anaondoka kwenda kafe ya upande wa sokoni. Huko nako inagoma, lakini mtu haji tena kukuambia kwamba alikusingizia.

Mzee alikuwa anaumia sana. Mimi kuumia kwangu kulikuwa kidogo, kilichonikera zaidi ni kutokujua.

Mimi ni mtu wa kuchokonoa, wakuu. Nyumbani kwetu maji yakikatika, wenzangu walibeba ndoo kwenda kutafuta kisima. Mimi nilifuata bomba kujua yamekatikia wapi. Nilichapwa kwa hilo zaidi ya mara moja, kwa sababu nilirudi na jibu bila maji.

Basi nikaanza kufuata bomba la intaneti. Nikagundua kuharibika kuna sehemu tatu tu: kwetu, njiani, au kwao. Nikifungua ukurasa mwingine wowote ukafunguka, basi dish letu halina shida. Baada ya hapo nampigia Sele, tuliyesoma naye, yeye alikuwa anaendesha kafe Mwanza.

"Sele, ile ya bure kwenu inafunguka?"

"Haifunguki."

Mwanza na Dodoma zote zikigoma, basi ni kwao. Siwezi kuwaelezea raha niliyoipata mara ya kwanza. Mtu upo Chang'ombe, kwenye nyumba ya bati, halafu unajua kwamba kuna kitu kimelala bara lingine, pengine kabla hata wenye nacho hawajaamka.

Ndipo nikaleta ubao.

Ulikuwa ubao mweusi wa kawaida, nilimwomba fundi seremala aliyekuwa anatengeneza mbao za shule ya msingi. Nikauweka nje ukutani. Upande mmoja niliandika huduma zote ambazo wateja wetu walizitumia, kama nane hivi. Upande wa pili IPO au HAIPO. Chini, saa niliyoangalia.

Mzee Chilongani hakuupenda. Alisema, "Kijana, unatangaza ubovu mlangoni kwangu." Nikamwambia ubovu ni wa wengine. Akazunguka, akausoma, akarudi ndani bila kusema kitu. Kwake hiyo ilikuwa ruhusa.

Ubao ukashika. Watu wakawa wanapita kuusoma kabla ya kuingia, hata wateja wa kafe nyingine. Siku moja mama wa nyumba ya jirani akaniuliza kwa nini siandiki na maji. Nikaongeza mstari wa MAJI. Kesho yake mwingine akaomba UMEME. Ukweli ni kwamba mstari wa maji ulikuwa na wasomaji kuliko intaneti yote, na wengine waliokuja kwa ajili hiyo waliishia kuingia kufungua email.

Sasa uvivu ukaingia. Niuite uvivu, ingawa wakati ule niliuita ujuzi.

Kufungua huduma nane kila saa kulikuwa kunachosha. Nikaandika kijiprogramu kidogo cha ping. Kwa wasiojua, ping ni kompyuta yako kuiita kompyuta ya mbali, "upo?", na ile inajibu, "nipo". Basi. Kila baada ya dakika kumi kinaita zote nane, kwenye dirisha jeusi yanatokea majibu. Mimi nachungulia tu, natoka nje na chaki.

Nilijiona nimeshafika. Nilimpigia Sele kumringia, na tangu hapo sikumpigia tena kuuliza, maana nilikuwa na mashine ya kuniulizia.

Hapo ndipo anapoingia Mwalimu Yustina.

(Samahani wakuu, umeme ulikata. Naona kuna mkuu hapo chini ameshauliza kama Yustina alikuwa mrembo. Tulia, siyo uzi wa aina hiyo.)

Mwalimu Yustina alikuwa anafundisha darasa la kwanza Chemba. Wakati ule Chemba haijawa wilaya, barabara ni ya vumbi, simu za mkononi hazijafika. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, mpole, ana sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa bila kuipandisha.

Darasani kwake walikuwepo watoto watatu viziwi. Hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kuwafundisha. Aliniambia siku ya kwanza tu, nikiwa namwonyesha namna ya kuandika email, kwamba mwaka wake wa kwanza kazini alimchapa mtoto fimbo kwa sababu alimwita mara tatu hakugeuka. Alidhani ni kiburi. Baadaye ndipo akajua mtoto hasikii.

Hilo lilimkaa. Akasikia kuna chuo cha nje kinachukua walimu wachache kwa kozi ya mwaka mmoja ya kufundisha viziwi, wao wanagharamia kila kitu. Mwisho wa umri ni miaka thelathini na mitano. Kwa hiyo kwake ilikuwa mwaka huo au basi.

Aliomba, akaitwa kwenye usaili Dar, akafanya. Wakamwambia majibu yatakuja kwa email kuanzia mwezi unaofuata. Ukichaguliwa una siku tano za kujibu kwamba unakubali. Usipojibu, nafasi anapewa anayefuata.

Sasa mtu wa Chemba atakaaje Dodoma mwezi mzima akisubiri email? Tulifanya kama tulivyokuwa tunawafanyia watu wengi wa mbali. Vijana wa leo mtashangaa. Mteja anaandika password yake kwenye daftari la kaunta, mhudumu ndiye anamfungulia. Lile daftari lilikuwa na password za watu wa Kondoa, Mpwapwa, hadi Manyoni. Hakuna aliyeona ajabu.

Makubaliano yakawa hivi. Kila jioni nafungua email yake. Basi la Kondoa lilikuwa linapanda Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na konda wake, Hamisi, alikuwa anakaa Chang'ombe jirani na kafe. Nampa Hamisi kikaratasi, anamfikishia mwalimu akipita Chemba. Kama barua ipo, mwalimu anageuka na basi linaporudi kesho yake.

Wiki ya kwanza niliandika vikaratasi vitatu. Vyote vilisema, "Mwalimu, hakuna barua. Mtandao uko sawa."

Ilikuwa kweli.

Wiki ya pili nikaandika vingine vitatu, maneno yaleyale. Dirisha langu jeusi lilikuwa linasema ile ya bure inajibu. Ukurasa ulikuwa unafunguka. Barua za zamani zilikuwepo. Nikitazama za Mwalimu Yustina, hakuna mpya. Nikitoka nje naandika IPO kwa mwandiko mzuri, naweka na saa.

Jumamosi Hamisi aliporudi alinipa kikaratasi kutoka kwa mwalimu. Kiliandikwa kwa ule mwandiko wa ubaoni, herufi za duara:

"Ahsante mdogo wangu kwa kunisaidia. Wenzangu wa usaili naambiwa wameshaanza kupata majibu. Nadhani mimi sikuchaguliwa. Usihangaike tena."

Nilisikitika. Nikasema moyoni, ndiyo dunia, nikakibandika kile kikaratasi kwenye daftari.

Jumatatu asubuhi simu ya mezani ikalia. Sele, amenuna.

"Nimekutumia picha ya mtoto tangu Alhamisi. Hata hongera, ndugu yangu?"

"Hujatuma."

"Nimetuma."

"Sele, nimefungua leo asubuhi. Hakuna kitu."

"Na mimi nimetuma. Kwani ile ya bure kwenu inapokea? Huku wateja wananisumbua tangu wiki iliyopita."

Nikamwambia nitampigia baadaye. 

Nikakaa kwenye kompyuta namba moja, nikafungua huduma nyingine, nikajitumia barua yenye neno moja: jaribio. Nikasubiri. Dirisha jeusi pembeni linaendelea kuandika kwamba ile ya bure ipo, ipo, ipo. Nikasubiri saa nzima. Barua haikuingia.

Kumbe tangu Jumapili ya wiki iliyopita mlango wa mbele ulikuwa wazi na mlango wa kupokelea mizigo umefungwa. Unaingia, unasoma za zamani, unatuma zako. Zinazokuja kwako zinakwama huko kwao.

Jamani, mnajua kwa nini hakuna mteja wetu aliyepiga kelele wiki nzima? Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote, na hadi leo nalifikiria.

Kwa sababu kila mtu alidhani ni yeye peke yake hajaandikiwa. Huduma isipofunguka, watu wanagombana na kafe. Barua isipokuja, mtu anagombana na aliyetakiwa kumwandikia. Ubao umesema IPO, basi lawama zote zikaenda kwa ndugu. Mzee mmoja mstaafu alishamlaani mwanawe aliyeko nje. Dada mmoja mshonaji alikuwa amemwandikia mchumba wake barua ya kumwacha, na hiyo, kwa kuwa kutuma kulikuwa hakuna shida, ilifika vizuri kabisa.

Nilitoka nje nikafuta ile IPO kwa kiganja. Nikarudi, nikafungua daftari la kaunta kwenye ukurasa wa Mwalimu Yustina, nikachukua anwani ya kile chuo. Nikawaandikia kwa huduma nyingine, kwa Kiingereza changu cha diploma, nikaeleza kila kitu na kuomba.

Jumanne walijibu kwa adabu. Walimwandikia Jumatatu ya wiki iliyopita kumwambia amechaguliwa. Walisubiri siku tano. Muda uliisha Jumamosi, nafasi ameshapewa aliyefuata na ameshakubali. Wanasikitika sana.

Mchana huohuo ile ya bure ikapona. Barua za wiki nzima zikamiminika kwa mkupuo. Watu wanacheka, wanaitana. Yule mshonaji alikuta barua sita za mchumba, akaziinamia hapohapo analia. Mimi nikafungua ya Mwalimu Yustina nikaikuta ile ya Jumatatu. Inaanza na kumpongeza.

Nikaiprinti. Nikamwambia Mzee Chilongani yote, sikuficha kitu. Nilitegemea anifukuze kazi. Nikasema nitaiweka kwenye bahasha, kesho Hamisi anaondoka nayo.

Mzee alivua miwani. "Habari kama hiyo haipelekwi na konda," akasema. "Panda basi uende mwenyewe. Kafe nitakaa mimi."

Basi nikapanda.

Nilifika Chemba mchana, siku ya mnada. Ng'ombe, mbuzi, vumbi, watu wa kila upande. Nikapita katikati yake hadi shuleni. Njia nzima nilikuwa natunga namna ya kuanza.

Nilimkuta mlangoni pa darasa. Mstari wa mbele niliwaona watoto watatu wamekaa karibu karibu, wanamtazama mdomoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mdogo wangu. Karibu. Umekuja na basi?"

"Ndiyo."

"Habari za Dodoma?"

"Nzuri."

"Mzee Chilongani hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

"Kazi?"

"Nzuri tu."

"Na mtandao wenu?"

"Uko salama," nikasema.

Wakuu, nilijisikia nikilisema. Nina karatasi mfukoni iliyobeba msiba, nimesafiri nusu siku kuileta, na nimeulizwa maswali matano nikajibu ndiyo, nzuri, hajambo, nzuri, salama. Wala sikuwa nadanganya. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu anaweza kuwa ametoka kuzika, ukimuuliza habari za nyumbani atakuambia nzuri, halafu ndipo aseme "ila". Anayejua kusalimiana anasubiri ile ila.

Ile ping yangu ilikuwa salamu. Kwa zaidi ya wiki nilikuwa naisalimia kompyuta ya ng'ambo kila dakika kumi, inaniambia nzuri, na mimi naondoka na chaki yangu kabla haijafika kwenye ila.

Yustina alikuwa bado ananitazama. Yeye alisubiri.

"Haya, sema kilichokuleta," akasema.

Nikampa barua. Nikamwambia ilitumwa lini, imefika lini, na kwamba muda umeshapita, nimewaomba wamekataa. Nikamwambia ubao wangu ulikuwa unasema uongo na vikaratasi vyangu pia. Niliyasema harakaharaka nikiangalia chini.

Aliisoma taratibu, kidole kikipita chini ya mstari, kama anavyowafundisha watoto wake. Alipofika mwisho akarudi juu.

"Kwa hiyo walinichagua," akasema.

"Ndiyo mwalimu."

"Hawakunikataa."

"Hawakukukataa."

Akakaa kwenye kizingiti cha mlango. Nilidhani atalia, hakulia. Alisema, "Wiki nzima silali. Nayarudia maswali ya usaili moja moja, natafuta niliharibu wapi. Nilishafika mahali naona hata hawa watoto nawadanganya, kwamba sina ninachokijua."

Nikamwambia nisamehe. Nilitaka anitukane, ingekuwa rahisi zaidi.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini uliniandikia hakuna barua. Wewe hukujua kama hakuna. Ungeniandikia hujui, mdogo wangu, ningeshuka Dodoma nikakaa mlangoni kwenu siku zote tano."

 Alinipikia ugali na mlenda, nikala, maana kukataa kungekuwa ubaya mwingine juu ya ule wa kwanza. Siku ya pili basi likanirudisha.

Nilipofika sikuingia hata ndani. Nilichukua chaki nikaongeza neno la tatu kwenye ubao. Likawa IPO, HAIPO, na SIJUI.

IPO niliiandika tu nikiwa nimetuma barua ikaenda hadi Mwanza kwa Sele na yake ikarudi kwangu. Ile ping sikuifuta, niliiacha iendelee kusalimiana. Lakini kama hakuna barua iliyokwenda na kurudi tangu asubuhi, SIJUI, hata ukurasa ufunguke vipi.

Mzee Chilongani alisimama mbele ya ubao akiwa ameshika kiuno. "Kafe inayoandika haijui," akasema, "nani ataingia?"

Waliingia. Tena walianza kuniuliza. Mtu akiona SIJUI anakuja ndani, "Kwani leo kuna nini?" Nafungua mbele yake, tunaangalia wote. Wengine wakawa wananiambia wenyewe, mimi nimepata yangu ya saa tatu, mimi nasubiri ya jana. Wakawa macho yangu. Hata kwenye mstari wa MAJI nikaanza kuandika SIJUI, na mama jirani akawa anatuma mtu kunijulisha bomba la kwake limeanza kukohoa.

Kafe ilikufa baadaye, kama zote, simu zilipokuja na intaneti ndani. Mzee alishatangulia mbele ya haki. Ubao uko kwangu, stoo.

Kwa hiyo, wale vijana wawili (najua mnasoma, na mmoja wenu jina lake humu nalijua), ndiyo sababu naandika email kila asubuhi. Na ile taa ya kijivu niliyoomba iongezwe kwenye dashboard, mkanung'unika kwamba inaharibu muonekano, ndiyo SIJUI yangu. Huduma ambayo hatujaona kazi yake kwa macho ndani ya saa moja, igeuke kijivu. Isibaki kijani kwa sababu imetusalimia.

Nimejifunza hivyo, kwa gharama ya mtu mwingine. Ukiwa mtu ambaye wenzako wanategemea neno lako, "hakuna" na "sijui" usizichanganye kamwe, hata kama ya pili inakuvunjia heshima.

Mtauliza kuhusu Mwalimu Yustina. Hakwenda. Umri ulipita, nafasi kama ile haikurudi. Alijifunza lugha ya alama kwa vitabu na kwa hao watoto wenyewe, mmoja wao leo ni fundi wa magari hukohuko.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Chemba kikazi, nikapita kumsalimia. Ameshastaafu. Sebuleni kwake, pembeni ya picha ya harusi, ile barua ipo kwenye fremu, karatasi imekuwa ya njano, na juu yake bado inasomeka tarehe iliyotumwa. Kulikuwa na mgeni mwingine, kijana wa kanisani kwao. Akaisogelea, akaisoma, akamgeukia.

"Kumbe mwalimu ulisoma nje?"

"Hapana," Yustina akasema, huku akimimina chai. "Walinitaka tu."

Wakuu, nimemaliza. Wenye kazi kama yangu, wa benki, wa hospitali, wa vyuo, mnaotegemea huduma za watu msiowaona: nyie mnaifikiaje ile "ila"? Na kama kuna aliyewahi kumwacha mtu kwa sababu barua hazikufika, naye asimulie hapa chini. Nitakuwa napita kusoma.